Rungu la Daraja la Nne

Sajenti Bundala alikuwa akimenya muwa kwa meno mwano ulipopigwa upande wa machinjio. Alitema makapi, akafuta midomo kwa mgongo wa mkono, akamtazama Milembe.

"Umesikia?"

"Nimesikia, afande."

"Huo si wa ng'ombe aliyekata kamba. Huo ni wa mtu."

Mwano ni ukelele wa kuitana. Hata sasa, ambapo kila ng'ombe wa Kahama ana hereni sikioni inayozungumza na satelaiti, na bei za mnada zinapanda na kushuka zenyewe kwenye kioo kikubwa, hakijapatikana chombo cha kuushinda. Mmoja anaanza, wa pili anaupokea, na punde uwanja mzima unalia kwa sauti moja. Anayeusikia lazima aende. Asiyekwenda anatengwa: haombi moto kwa jirani, hachoti maji kisimani, na akifiwa anachimba kaburi peke yake. Na anayekwenda hafiki pale kuangalia tu.

Hayo Milembe Ngasa aliyajua tangu utotoni. Kigeni kwake kilikuwa rungu lililompigapiga pajani akikimbia nyuma ya sajenti. Lilikuwa jeusi, zito, na ndani yake mlikuwa na mafuta yaliyoganda au kulainika kwa amri ya kidude kilichosoma kiganja chake. Angeweza kupiga kwa nguvu zote alizopewa na mama yake, rungu lingetoa daraja la nne na si zaidi. Ziada yote ilimezwa na yale mafuta. La Bundala lilikuwa la daraja la tisa. Kwenye mkono wa mtu mwingine yeyote, yeye Milembe akiwamo, lingelegea kama mlenda.

Madaraja hayo yalitoka kwenye Sheria ya Kupokea: askari hatampiga raia pigo ambalo yeye mwenyewe hajalipokea akiwa amesimama. Waheshimiwa walioitunga walikuwa watu wema, na wengi wao walikuwa wamepigwa sana na askari enzi za ujana wao. Waliamini kwamba mtu akishaonja maumivu atakuwa na huruma nayo. Hawakufikiria kwamba jeshi litaanza kuwasaka wale wanaoweza kuonja sana bila kuyumba. Kijana anasimama kwenye duara la chokaa, mkono wa chuma unamshukia begani, daraja la kwanza, la pili, la tatu, na anapoyumba akatoka nje ya duara, daraja la nyuma yake ndilo lake maisha yote.

Sheria haikuweka kima cha chini. Ni Jeshi la Kanda lililojiwekea saba, kwa waraka, bila kumuuliza mtu. Milembe alitoka duarani kwenye pigo la tano, mfupa wa bega umeteguka, akaambiwa arudi nyumbani akaolewe. Akarudi kweli, kisha akaja tena na wakili.

Jaji Kipobota, mwanamke mkavu asiyependa porojo, alisikiliza pande zote mbili zikibishana kama daraja la nne linaweza kulinda mtu, akachoka. Akaamuru Jeshi limchukue Milembe kwa majaribio, apewe rungu lake la nne, afanye doria na sajenti mzoefu, na mahakama itaamua kwa yatakayotokea. Ndiyo sababu Bundala alipenda kumtania kwamba kila anapopiga chafya anapiga mbele ya jaji.

"Mimi binafsi sina neno na wewe," alimwambia siku ya kwanza. "Ila nina kilo mia na kumi. Nikianguka, nani ataninyanyua?"

"Nitakuburuta, afande."

Alicheka mpaka akajishika tumbo. Milembe alimpenda tangu hapo.

Walipofika machinjio, kamera mbili za doria, zile ziitwazo nzi, zilikuwa zikielea juu ya paa. Akina mama wauza supu walizilenga kwa mavi mabichi ya ng'ombe, na walikuwa na shabaha. Moja ilianguka kwenye ndoo ya utumbo, ya pili ikabaki inazunguka bila kuona. Donge la tatu lilimpata Milembe kifuani, likaifunika kamera ya sare, ile moja waliyopewa wawili. Alipolifuta, kioo kilikuwa kimepasuka.

Watu walikuwa kama sitini, na walikuwa wamepanga foleni.

Hilo ndilo lililomtia baridi. Hakukuwa na kelele wala kusukumana. Mwanamume mmoja alikuwa amepigishwa magoti na kufungwa kwenye nguzo ya kuchinjia, kwa kamba ya ng'ombe, na watu walimwendea mmoja mmoja kutoka kushoto. Kila mmoja alipiga mara moja, kwa fimbo, kwa jiwe, kwa teke, kisha akahamia kulia na kusimama na wenzake. Foleni ya kushoto ilizidi kupungua, na kundi la kulia likazidi kukua. Ukishapiga huwezi kuwa shahidi, maana wewe pia umo. Kwa utaratibu huo watu wa huko wameua wezi miaka nenda rudi bila mtu hata mmoja kupandishwa kizimbani.

Aliyesimamia alikuwa Nkwabi, mwenye bucha kubwa kuliko zote mnadani, mtu mnene, mpole wa sauti, mwenye mpini wa shoka mkononi. Aliyefungwa aliitwa Mayunga. Walikuwa wamemkamata na koleo na hereni za ng'ombe wasio wake.

"Acheni!" Bundala alinguruma. "Mfungueni!"

Hakuna aliyegeuka. Mzee mmoja alimwendea Mayunga, akampiga kwa bakora mgongoni, akahamia kulia.

Bundala akaingia. Pigo lake la kwanza la daraja la tisa lilitua kwenye mkono wa kijana aliyeshika jiwe, mfupa ukatoka nje ya ngozi. La pili alilipiga akiwa amechukia, na mtu anayechukia halengi vizuri. Lilimpata mpiga debe mmoja juu ya sikio. Fuvu lilitoa mlio wa kibuyu kilichokanyagwa, na yule mtu akakaa chini, akalala, damu ikamtoka puani, akafa pale pale mbele ya nduguze.

Foleni ikavunjika. Walimrukia sajenti wote kwa pamoja, na safari hii hakukuwa na zamu. Jiwe lilimpata kisogoni, akapiga goti moja, akainuka, akavunja taya ya mtu, akapigwa jingine. Milembe alijitupa katikati yao akipiga mgongo huu, goti lile, kiwiko hiki. Alipiga mpaka mkono ukafa ganzi. Mwanamume mmoja aligeuka, akamtazama kwa uchovu, kama mtu anayesumbuliwa na mbuzi shambani.

"Dada, acha," alimwambia, akarudi kwenye kazi yake.

Wauza supu wawili walimkamata mikono kwa nyuma. Kutoka hapo aliona kila kitu. Aliona Bundala akilala kifudifudi, kofia imetoka, kipara chake kimelowa. Aliona Nkwabi akisogeza watu taratibu, akipanua miguu kama anayepasua kuni, na kushusha mpini wa shoka mara tatu. Baada ya ule wa tatu hakukuwa na haja ya wa nne. Milembe alipiga kelele mpaka sauti ikakauka, na hakuna aliyemkataza.

Kisha mtu mmoja akasema, "Huyu ameona."

"Mmalizeni."

"Hapana," alisema Nkwabi. Alikuwa anahema. "Huyu jina lake liko mahakamani. Tukimgusa, Jeshi litachoma mnada mzima." Akaangalia upande wa kushoto, ambako watu wapatao ishirini walikuwa wamerudi kusimama kwenye foleni yao, na upande wa nguzo, ambako Mayunga alikuwa bado anapumua kwa mlio wa povu. "Apige na yeye."

Wale akina mama wakamwachia.

"Sikiliza, binti," Nkwabi alimwambia, na kwa kweli alikuwa anamsihi. "Waliobaki ni hao. Wakipita wote, huyu haponi. Piga wewe, mara moja, na mimi nitawasamehe zamu zao. Tutatawanyika. Atabaki na pumzi aliyonayo. Ukikataa, wanaendelea, na wewe utafuata baada yake."

Milembe alitazama foleni. Wa kwanza alikuwa ameshika nyundo ya kuulia ng'ombe.

Alisogea kwenye nguzo. Uso wa Mayunga ulikuwa umevimba, macho yamezibwa na damu, mdomo umechanika. Milembe aliinua rungu kuelekea paja.

"Kichwani," alisema Nkwabi. "Hatuchezi."

Alilijua daraja la nne. Alijua kwamba kwanza unasikia mlio, kisha unasikia kama meno yote yamehama mahali pake, na maumivu yenyewe yanakuja baadaye, yanakaa. Alilenga paji la uso, kwenye mfupa mgumu.

"Vumilia, kaka," alimnong'oneza, akapiga.

Mayunga aliposikia sauti ya mwanamke aliinua uso. Rungu likatua kwenye jicho la kushoto, na Milembe akalihisi likipasuka, mpaka kwenye kiganja.

Watu wakatawanyika kama walioruhusiwa na mchungaji kanisani. Waliubeba mwili wa mpiga debe wakaenda nao. Nkwabi alifungua kamba mwenyewe, maana ilikuwa yake, akaikunja vizuri, akanawa mikono kwenye pipa.

"Karibu, mwenzetu," akamwambia Milembe.

*

Kwenye msiba wa Sajenti Bundala, Nkwabi alileta dume zima la ng'ombe. Alilichinja mwenyewe, akagawa nyama kwa waombolezaji, na wakati wa kuzika alishika upande mmoja wa jeneza kwa sababu marehemu alikuwa mzito na wabebaji walikuwa wanahangaika. Milembe alisimama na sare yake ya majaribio, akaona ile mikono minene ikishusha kamba kaburini taratibu. Alitapika nyuma ya hema, wakadhani ni majonzi.

Mjane, Mama Kundi, alimkuta hapo. Alikuwa mwanamke mrefu, macho yamekauka kwa kulia.

"Uliwaona, mwanangu?"

"Kulikuwa na vurugu, mama. Vumbi lilikuwa jingi."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

Mama Kundi alimpapasa shavu, akamwambia asijilaumu. Milembe angefurahi zaidi kama angepigwa kofi.

Wakili Tungaraza alikuwa na ofisi juu ya duka la dawa za mifugo, na kila kitu pale, hadi majoho yake, kilinukia dawa ya kupe. Alikuwa mzee mwembamba aliyeshindwa mashauri mengi ya heshima, na kwa mara ya kwanza kwa miaka mingi alikuwa anaunusa ushindi. Alimwita Milembe, akamwonyesha ukutani kumbukumbu iliyotolewa kwenye marungu mawili.

"Angalia. Hili la marehemu, daraja la tisa, mapigo matatu. Mtu mmoja amekufa, mwingine hana mkono, mwingine hana taya, na mwenye rungu kazikwa. Hili lako. Mapigo mengi, yote ya nne. Halafu kimya. Halafu moja la mwisho, peke yake. Na baada ya hilo, watu sitini wanakwenda nyumbani, na mshtakiwa wao yuko hai. Milembe mwanangu, hata ningemwomba Mungu ushahidi, nisingethubutu kuomba huu."

"Rungu linaandika nimempiga nani?"

"Haliandiki. Waheshimiwa walisema ni siri ya mpigwaji." Alicheka. "Linaandika nguvu na saa tu."

"Wakili, lile pigo la mwisho..."

Tungaraza aliinua mkono haraka, kiganja kimeelekea kwake. Uso wake ulibadilika, na ilikuwa wazi kwamba si mjinga.

"Sijakuuliza," alisema polepole. "Kuna maswali ambayo wakili hamuulizi mteja, kwa sababu akishajibiwa hawezi tena kusimama na kusema anachotaka kusema. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Kule nje ya mahakama kuna wasichana wanalala kwenye mikeka wakisubiri hukumu hii. Wengine waliyumba nje ya duara kwenye pigo la saba, padogo tu. Una habari?"

Alikuwa nayo. Aliwafahamu wengi kwa majina. Walimletea uji, walimgusa sare kama nguo ya harusi. Na hapo ndipo mawazo yalipomkaba usiku na mchana. Akinyamaza, wale wasichana watashinda, watapewa marungu ya nne na ya tatu, na watapelekwa kusimama mbele ya foleni kama ile wakiamini kwamba rungu la nne liliivunja. Akisema, mlango utafungwa kwao na kwake, na yeye atakwenda jela. Na Bundala alikuwa kaburini, na aliyemuua alikuwa anauza maini.

Alipotoka ofisini alimkuta Nkwabi chini ya ngazi, anasubiri, na furushi la nyama kwenye gazeti.

"Kesho utaitwa kutoa ushahidi," alisema. "Nitakuwapo. Sisi wote tutakuwapo, kukutia moyo." Akampa furushi. "Kula upate nguvu. Ukishinda wewe, tumeshinda sote. Ukianguka, utaangukia wengi, na dada yako anayeishi kule Isaka ana watoto wadogo."

Aliyasema bila ukali hata kidogo. Milembe alilipokea furushi kwa sababu mikono yake haikujua la kufanya, na akalitupa mtaroni baada ya kona.

*

Mahakama ilijaa mpaka madirishani. Wakili wa Jeshi, Bibi Mwakipesile, alikuwa kijana wa mji mkuu mwenye sauti safi, na alikuwa na siku mbaya. Kila shahidi aliyemwita alizidi kumzamisha. Daktari alisema mpiga debe aliuawa na daraja la tisa. Mkufunzi wa Jeshi alipoulizwa saba imetoka wapi, alijibu kwamba ni namba nzuri, watu wakacheka hadi jaji akagonga meza.

Kisha Tungaraza akamwita Mayunga.

Alikuja akishikwa mkono. Upande wa kushoto wa uso wake ulikuwa umefungwa bandeji, na alipokaa aligeuza kichwa chote ili aweze kuona watu kwa jicho lililobaki.

"Unakumbuka nini?" aliuliza Tungaraza.

"Sikumbuki sura. Damu ilikuwa imeniziba. Nilikuwa nimeshaanza kuomba nife." Alimeza mate. "Halafu nikasikia sauti ya mwanamke, karibu kabisa. Akaniambia, 'Vumilia, kaka.' Baada ya hapo wakaondoka. Nilipozinduka niko hospitali. Ni huyo dada pale. Ameniokoa. Mimi nilikuwa mwizi, sikatai, na ameniokoa hivyo hivyo. Mpeni kazi."

Wasichana waliokuwa nyuma walianza kulia. Bibi Mwakipesile alisema hana swali. Jaji Kipobota aliandika kitu, akavua miwani, akamwita Milembe kizimbani.

Alikula kiapo. Kutoka pale aliwaona wote. Mama Kundi alikuwa amekaa mbele na khanga nyeusi. Nkwabi alikuwa safu ya tatu, shati jeupe, na karibu yake wauza supu wawili na yule mzee wa bakora. Nkwabi alimwinamishia kichwa kwa upole.

Tungaraza alimuuliza maswali mepesi, akajibu. Wakili alikuwa anakaribia kukaa jaji alipoinua kalamu.

"Mahakama ina swali moja. Naona kwenye kumbukumbu mapigo mengi yaliyofuatana, kisha kimya kirefu kidogo, kisha pigo moja. Baada yake hakuna jingine. Watu sitini ambao hawakutishwa na mapigo yote yale ya mwanzo, walitishwa na hilo moja. Ulimpiga nani?"

Tungaraza alifumba macho.

Milembe alikuwa na jibu tayari. Alikuwa amelifanyia mazoezi: kiongozi wao, sikumtambua, alianguka, wengine wakakimbia. Lilikuwa jibu zuri. Alifungua mdomo alitoe, akamwona Mayunga amegeuza kichwa chote kumtazama, anatabasamu, anangojea kusikia alivyookolewa.

"Nilimpiga yeye," alisema.

"Nani?"

"Mayunga. Alikuwa amefungwa. Nilimpiga kichwani, nikalipasua jicho lake. Waliondoka kwa sababu nilipiga. Walitaka nisiwe shahidi."

Tungaraza aliinuka nusu, akakaa.

"Na rungu la nne halikumzuia mtu," Milembe aliendelea. Alijua kwamba akinyamaza tu hataweza kuanza tena. "La tisa lilimuua mtu asiye na silaha, na halikumzuia mtu vilevile. Msiwapeleke wale wasichana pale kwa sababu yangu. Na Sajenti Bundala nilimwona anauawa. Namjua aliyemuua."

"Bi Ngasa," alisema jaji, "kabla hujaendelea. Ukisema hayo, shauri lako limekwisha hapa hapa, na utaondoka kwenye chumba hiki kwa pingu. Unalielewa hilo?"

"Nalielewa, Mheshimiwa. Ninaowajua ni kumi na saba. Wa kwanza ni mimi, Milembe Ngasa. Wa pili ni Nkwabi mwenye bucha, amekaa pale, alimpiga sajenti kwa mpini wa shoka."

Nkwabi hakujitetea. Aliinuka na kiti chake, akawaruka watu wa mbele kwa wepesi ambao hakuna aliyemdhania kuwa nao, akakishusha. Milembe aliinua mkono, kiti kikauvunja kati ya kiwiko na kiganja, kikamshukia begani, akaanguka ndani ya kizimba. Mguu wa kiti ulikuwa umekatika na kuacha ncha. Nkwabi alimchoma nao ubavuni mara moja, akauchomoa, akauinua tena.

Askari wa mahakama, kijana mrefu wa daraja la nane, alimpiga mdomoni. Meno yalitawanyika juu ya meza ya karani. Nkwabi alibaki amesimama, akaangalia huku na huku kama aliyesahau alichofuata, na yule askari akampiga tena, magotini, ingawa haikuwa lazima. Watu walikuwa wanapigania mlango. Mzee wa bakora alikanyagwa. Mmoja wa wauza supu alikuwa chini ya benchi akilia kwamba yeye alipiga kwa kofi tu, kofi tu.

Jaji Kipobota alikuwa hajainuka kwenye kiti chake. Damu ilikuwa imemrukia kwenye kola.

"Fungeni milango," alisema. "Shahidi anaweza kuendelea?"

Milembe alijivuta, akasimama kwa kuegemea ubao wa kizimba, mkono mzima umebana ubavu.

"Wa tatu," alisema.

Aliwataja wote, kila jina na silaha yake, na karani aliandika huku akisogeza meno pembeni kwa rula. Ilichukua muda kwa sababu alikuwa anakatika pumzi. Mama Kundi alisikiliza amesimama. Alipomaliza, Bibi Mwakipesile aliomba, kwa sauti ya chini na bila furaha, iandikwe kwamba upande wa Jeshi unasimamia daraja la saba. Tungaraza alisema hana pingamizi, anaondoa shauri. Wasichana wa nyuma walianza kukunja mikeka yao. Mmoja alimtazama Milembe kwa chuki tupu.

Askari alimfunga pingu kwenye mkono mmoja tu, maana mwingine ulikuwa hauguswi. Machela ilikuwa njiani.

"Dada," Mayunga aliita.

Alikuwa amekuja mpaka kwenye kizimba. Askari alitaka kumrudisha, jaji akamwashiria amwache.

"Lile rungu," alisema Mayunga. "Nasikia hamruhusiwi kupiga nalo mpaka mpigwe nyinyi kwanza. Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Hata wewe walikupiga?"

"Walinipiga."

"La nne hilo hilo?"

"Hilo hilo."

Mayunga aligusa bandeji kwa ncha za vidole, akashusha mkono.

"Kwa hiyo ulikuwa unajua linavyouma."

"Nilikuwa najua."

Aliitikia kwa kichwa polepole, akarudi kwenye benchi akipapasa njia kwa mkono, akakaa.

"Tangu ulipoanza kusema," alimwambia, "nilikuwa naomba iwe hujui."